Dramu Mpya Zinazojizeesha

Majuzi ilizunguka kwenye simu za wanamuziki wa Mombasa picha ya toazi, ile sahani ya shaba inayopigwa pamoja na dramu. Toazi jipya la inchi 22, halijapigwa hata mara moja, lakini uso wake wa kahawia umejaa madoa ya kijani kama sinia la shaba lililosahauliwa uani tangu enzi za babu. Chini ya picha palikuwa na bei, na bei yenyewe ingenunua seti nzima ya dramu za Kichina pamoja na kiti chake, na nauli ya tuktuk ya kuzifikisha Bamburi ikabaki. Watu walicheka. Mmoja alisema lake liko Changamwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye dola aje alichukue. Mwingine akaandika kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, ila hawa wamekipaka kidonda chenyewe ndipo wakiuze. Nilicheka na mimi. Baadaye nikaona tumecheka mahali pasipostahili.

Hoja yangu ni hii. Wimbi la dramu na matoazi mapya yenye sura ya zamani linasomwa vibaya, kana kwamba ni wazee wa Ulaya na Marekani wanaojinunulia ujana wao. Ukilisikiliza badala ya kulitazama, utaona kwamba viwanda vinarudisha sauti ya aina fulani: fupi, ya chini, isiyomfunika mwimbaji. Sauti hiyo iliachwa kwa makusudi kuanzia miaka ya 1960, dramu zilipolazimika kushindana na amplifaya. Sababu ya kuiacha imekwisha, ndiyo maana inarudi. Madoa ya kijani ni karatasi ya kufungia tu. Asiyetenganisha mzigo na karatasi atapata hasara kwa njia moja kati ya mbili: atadharau kitu anachokihitaji, au atalipia kutu ambayo bahari ya hapa humpa kila mtu bure.

Wimbi lenyewe si la jana. Paiste wa Uswisi walirudisha mwaka 2011 matoazi yao ya 602, ambayo yalitoka mara ya kwanza 1959. Miaka miwili baadaye Zildjian wakatoa Kerope, yaliyofuata matoazi yao ya Istanbul ya miaka ya 1950 na 1960. Yamaha wakaifufua seti yao ya dramu ya Recording Custom mwaka 2016, na Pearl walipotimiza miaka 75 mnamo 2021 wakasherehekea kwa kuitoa upya seti yao ya President. Slingerland, jina lililovuma Chicago kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lilinunuliwa na DW, watengenezaji wa dramu wa Marekani, kutoka kwa Gibson wa magitaa mwaka 2019. Halafu DW nao wakanunuliwa mwaka 2022 na Roland, kampuni ya Kijapani inayojulikana kwa dramu za umeme. Kwa maneno mengine, mwenye jina la kale la mbao na ngozi sasa ni yuleyule anayeuza dramu unazozisikia kwa waya. Kampuni ya namna hiyo huwezi kusema imelewa mapenzi ya zamani. Imepiga hesabu.

Ili tuielewe hesabu hiyo, tuifungue dramu ya Kimarekani ya mwaka 1960 hivi. Mzinga wake, yaani lile duara la mbao, mara nyingi ni mwembamba, matabaka matatu tu ya mbao: mepo au mahogani nje na ndani, popla laini katikati. Mbao nyembamba kiasi hicho ikikunjwa duara hutaka kurudi ilivyokuwa, kwa hiyo mafundi waliigundisha pete ya mbao juu na nyingine chini ili zishikilie umbo. Na ule ukingo ngozi inapolalia ulikuwa wa mviringo, butu, kama mdomo wa kinu kilichotumika. Kazi yote inafanyika hapo. Ngozi ikigusa mbao kwa upana, mbao huimeza milio myembamba ya juu na sauti hukatika mapema: unasikia pigo, unausikia mzinga, kisha kimya. Dramu ya miaka ya 1980 na 1990 iligeuzwa. Matabaka sita, nane, hata zaidi, pete hakuna, ukingo umechongwa kwa nyuzi 45 ukawa mkali kama patasi. Ngozi inagusa ncha tu, basi inalia mpaka ichoke yenyewe. Matoazi nayo yalipitia njia hiyohiyo. Mchanganyiko wa jadi ni shaba nyekundu sehemu 80 na bati sehemu 20, na wengi hawajaubadilisha; kilichobadilika ni uzito na nyundo. Toazi la kale la Istanbul ni jembamba, limegongwa kwa mkono, alama za nyundo hazifuatani, na kila upande hutetemeka kwa namna yake. Yaliyofuata yakawa mazito na yenye kung'aa, mengine yakikatwa kutoka kwenye bamba lenye bati sehemu 8 tu. Kiswahili kinatutosha kuieleza tofauti: toazi jembamba huvuma, toazi zito hulia.

Mafundi hawakuwa wajinga walipofanya mabadiliko hayo. Tarehe 9 Februari 1964 watu wapatao milioni 73 nchini Marekani walimwona Ringo Starr wa bendi ya Beatles kwenye televisheni akiwa nyuma ya seti ndogo ya Ludwig, na vijana wakakimbilia madukani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, bendi hiyohiyo ilipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000 wanaopiga mayowe. Magitaa yalikuwa na amplifaya za wati 100. Dramu zilikuwa na mikono ya mpigaji. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa dansi kilitakiwa kujaza uwanja wa michezo, na hakikuweza. Kwa hiyo yale ya miaka iliyofuata, mizinga minene, kingo kali, matoazi mazito na vyuma vya kubebea jukwaa zima, yalikuwa jibu la halali kwa shida ya kweli.

Ila shida ile ilipata jawabu jingine. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kila dramu kwenye jukwaa kubwa ilikuwa na maikrofoni yake, na anayeamua ukubwa wa sauti ni fundi mitambo aliye nyuma ya ukumbi. Viwanda vikaendelea tu kuongeza makelele, kama mtu anayepaza sauti baada ya mwenzake kutoa pamba masikioni. Matokeo yake wapigaji wakaanza kuzifunga mdomo dramu walizozinunua kwa bei kubwa. Studio za London na Marekani zilitumia taulo, mito, utepe wa gundi na hata pochi ya mfukoni. Hapa kwetu ni leso. Ingia kanisa lolote la mabati kutoka Kisauni hadi Likoni, uchungulie ndani ya dramu ya besi. Utakuta leso mbili zilizokunjwa, moja pengine ingali na jina la harusi fulani, na juu ya dramu ndogo ya kati, ile yenye nyaya chini, kipande cha kitambaa kilichobandikwa kwa plasta. Hakuna aliyewafundisha vijana hao historia ya ukingo wa mviringo. Masikio yamewaambia kwamba chombo kinalia kuliko kinavyotakiwa, wakakitibu kwa walicho nacho. Wimbi hili la ukale, kwa sehemu kubwa, ni leso iliyojengewa ndani ya mzinga kiwandani.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Vijana wa leo wamezijua dramu kupitia rekodi, na hasa kupitia vipande vilivyonyofolewa kwenye rekodi. Mapigo aliyorekodi Clyde Stubblefield na bendi ya James Brown mwaka 1969 yamekatwa na kupachikwa katika nyimbo nyingi za rapu tangu miaka ya 1980 kiasi kwamba mtoto wa Majengo anayatambua bila kumjua aliyeyapiga. Sikio lililolelewa na vipande hivyo linajua dramu hulia namna gani: kavu, fupi, karibu na uso. Mpe mwenye sikio hilo seti ya mwaka 1995 inayovuma kama tangi la maji, atasema imeharibika. Hakumbuki enzi zozote, maana alizaliwa baada yake. Anatafuta sauti aliyoizoea.

Ushahidi unaoniridhisha zaidi, hata hivyo, ni orodha ya vitu ambavyo havikurudishwa. Kabla ya mwaka 1957 hivi, Mmarekani Remo Belli na washindani wake walipoanza kuuza ngozi za plastiki, seti za dramu ziliwambwa ngozi ya ndama. Ngozi ile ilikuwa na sauti ya joto na ni nzuri mno ikipigwa kwa brashi badala ya vijiti, ila ilitaabisha watu. Hewa ikiwa na unyevu hulegea, ikikauka hukaza hadi ipasuke. Mtu wa Pwani haelezwi zaidi. Anayewamba ngoma Kwale anajua kwamba kusi likileta mvua lazima chombo kikae karibu na moto wa makuti kabla ya watu kukusanyika. Kama wimbi hili lingekuwa huba ya zamani tu, ngozi ya ndama ingerudi ya kwanza. Haikurudi, isipokuwa kwa wachache wenye moyo. Kilichorudi ni plastiki iliyotiwa ukungu mweupe ili ikaribie kulia kama ngozi na isiogope mvua. Vile vile hazikurudi zile stendi nyembamba za mwaka 1958 zilizoteremka taratibu katikati ya wimbo, wala miguu ya dramu ya besi iliyoifanya itambae jukwaani kama kaa. Mnunuzi anapewa mzinga wa babu juu ya vyuma vya mjukuu. Uchaguzi wa namna hiyo hufanywa na mtu anayejua anachokitaka.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana wana haki zao. Wanasema kampuni zinauza sura, na kwa upande wa rangi wamesema kweli. Ile karatasi ya plastiki yenye rangi ya chaza inayogundishwa nje ya mzinga inamkumbusha mnunuzi Ringo, basi. Toazi lililochafuliwa kwa kemikali ni jambo la kutiliwa shaka zaidi. Uchafu na kutu kwenye mifereji ya toazi huweza kupunguza mlio kidogo, sikatai, lakini sauti ya toazi kwa sehemu kubwa iko kwenye wembamba wake na mkono wa aliyeligonga. Sisi watu wa Mombasa tungekuwa wa kwanza kuutambua mchezo huu. Nani asiyejua kasha jipya, lililochongwa mwaka juzi, linavyoweza kusuguliwa na kupakwa chai mpaka likapata karne mbili kabla ya meli ya watalii kutia nanga Kilindini? Tena sisi hatuhitaji kemikali. Weka toazi linalong'aa kwenye ukumbi wa hoteli ya ufuoni, madirisha wazi, upepo wa chumvi ukiingia usiku na mchana. Kabla ya mwaka wa pili kwisha kromu ya stendi imeota vipele na toazi limepata rangi ile ya kwenye picha. Kwa hiyo ninakubaliana nao: rangi ya uzee haifai kulipiwa senti, na hapa Mombasa hasa.

Wengine wanasema afadhali kununua kitu cha zamani cha kweli, kwa kuwa mbao iliyokauka miaka 60 haigiziki. Hoja hii ina mvuto, na ina shimo. Dramu na matoazi ya zamani tunayoyasifu leo ndiyo yaliyosalia. Yale mabaya yalitupwa au kuyeyushwa, na yalikuwa mengi; matoazi ya Istanbul ya zamani yalisifika pia kwa kutofanana, hata wapigaji wa New York walikuwa wakiyapekua moja moja kwenye mzigo wa Gretsch, waliokuwa wakiyaingiza Marekani, kabla ya kupata moja la kubeba nyumbani. Ukilinganisha kile bora kilichosalia na kipya cha wastani, lazima cha zamani kishinde. Halafu kuna suala la vipuri. Namjua mzee mmoja wa Tudor aliyerithi kutoka kwa bendi iliyovunjika seti ya Premier, kampuni ya Kiingereza iliyoanzishwa London mwaka 1922. Mzinga mzima, vyuma vizima. Akaagiza ngozi ya inchi 14 kwa ajili ya tomu ya sakafuni, ile dramu inayosimama kwa miguu yake, ikafika, ikagoma kuingia. Kabla ya Waingereza kufuata vipimo vya Wamarekani mwishoni mwa miaka ya 1960, inchi 14 yao ilizidi kidogo inchi 14 ya wengine. Tofauti haifiki upana wa kidole, na inatosha kukuacha na kinu cha mapambo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: kwamba haya ni mambo ya Wazungu, sisi tuna ngoma zetu. Inasikika vizuri ukiwa umeshika kahawa barazani. Lakini matoazi yalikuwa na jina la Kiswahili kabla ya wengi wetu kuyaona, na baadhi ya watengenezaji wake wakubwa wanatokana na Istanbul. Avedis, Muarmenia wa mji huo, alianza kazi iliyoipa familia jina la Zildjian mwaka 1623, na hata kiwanda cha pale kilipofungwa miaka ya 1970, wafanyakazi wake Agop na Mehmet walianzisha chao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dramu ya besi na matoazi viliingia majeshi ya Ulaya kutoka kwa bendi za askari wa Kituruki. Tomu za kwanza za seti za Kimarekani zilikuwa ngoma za Kichina, ngozi imepigiliwa misumari. Ukikitenganisha chombo hiki vipande, Mzungu anabaki na ile dramu ndogo yenye nyaya, pedali na skrubu. Zaidi ya hapo, seti ya dramu imo Mombasa kwa wingi leo kuliko zamani, kwenye makanisa na hoteli kuanzia Diani hadi Mtwapa. Them Mushrooms walianza hapa mwaka 1972 na kutafutia riziki kwenye hoteli hizohizo. Kusema haituhusu ni kumwachia mwenye duka atuamulie.

Na inatuhusu kwa namna ya pekee, kwa sababu sikio la mji huu lililelewa na muziki unaoyapa maneno nafasi. Wasikilize waimbaji wa taarabu wa hapa, Zein l'Abdin na udi wake, au Matano Juma: dumbaki na bongo zinatembea chini ya shairi, hazimkanyagi mwimbaji. Hakuna mshairi wa Mvita atakayekubali mizani yake izibwe na toazi. Kisha tunachukua seti iliyobuniwa kwa ajili ya viwanja, tunaiweka chini ya mabati na juu ya sakafu ya saruji, viti vya plastiki vimejaa, na tunashangaa kwaya haisikiki. Dawa inayoletwa ni kuongeza spika. Kwaya inapandishwa, mpiga dramu naye hajisikii, anapiga kwa nguvu zaidi, jirani anapiga simu, na tangu 2009 nchi ina kanuni za kelele zinazompa jirani huyo pa kuanzia. Meneja wa hoteli hana hata haja ya kanuni. Mgeni akiinuka mezani kabla ya matunda, bendi imeshajua.

Kwa hiyo kamati ya kanisa yenye bajeti ndogo isidanganyike na picha, wala isiicheke sauti. Seti za bei rahisi huja na matoazi ya shaba na zinki, na hayo hakuna leso itakayoyaponya. Ningeanza na haihati, yale matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu, kwa sababu ndiyo yanayolia karibu kila pigo la ibada nzima: jozi moja nyembamba ya shaba na bati, hata iliyotumika, mradi haina ufa pembeni na tundu la katikati halijaliwa na chuma kwa kukosa mpira. Mzinga wa Kichina utavumilika ukiuvalisha ngozi nene kidogo, yenye ukungu mweupe, ukaikaza kwa subira, skrubu hii kisha ile inayoielekea. Kwa fedha hizo umepata sehemu kubwa ya kile kinachouzwa kwenye picha. Kinachobaki ni ukingo wa mzinga, na hapo inafaa tuulizane jambo: ukingo mpana uliochongwa kwa mkono, mzinga usiofanana na mwenzake, ngozi inayokumbatia mbao, hizo ndizo sifa za ngoma zetu za chapuo na vumi zinazochongwa hadi leo upande wa kusini wa kivuko. Kiwanda kinawatoza watu maelfu ya dola kukaribia kitu ambacho fundi wa Kwale hajawahi kukiacha, na bendi zetu za harusi wakati huohuo zimeipeleka midundo kwenye kitufe cha kinanda.

Yule mzee wa Tudor hakupata ngozi ya plastiki. Alivuka na ile tomu hadi Likoni kwa fundi wa ngoma, ambaye hakuuliza inchi. Aliipima kwa kamba, akakunja ubao mwembamba kuwa pete, akauviringishia ngozi ya mbuzi iliyoloweka usiku kucha, akaiacha ikauke chini ya chuma chake cha Kiingereza. Nimeisikia. Inapiga fupi, chini, kama mlango mzito unaofungwa taratibu, na maikrofoni ikiwa karibu huhitaji kitu kingine. Mwezi wa Mei inalegea. Mzee huitoa nje mvua ikipusa, huilaza kwenye kiti juani, na mazoezi huanza ikishakaza.